Dakika Kumi za Kinnas

...ndani ya koti, tena si koti la juu, ni la ndani kabisa, chini ya kwapa, kwenye joto, huko ndiko alikokitoa, mbele ya watu arobaini waliosimama juu ya bahari iliyoganda, alifungua zipu ya kwanza, akafungua ya pili, akapitisha mkono chini ya sweta na kukichomoa kishikwambi kikiwa na joto kama andazi la sasa hivi, na wakati huohuo mdomo wake ulikuwa unamalizia kusema kwenye kipaza sauti, "Kinnas hakijui baridi ni nini," na bila shaka hakijui, kitaijulia wapi, kimelala kwapani mwa mtu tangu saa mbili asubuhi... Eerika Pahkala, alijiambia, mhandisi mwenye miaka ishirini na miwili kazini, mwenye kampuni, mwenye jina mlangoni, umeumbuka, na hakuna aliyekuumbua ila mkono wako mwenyewe, maana kama Osmo Luukinen asingekuwepo pengine watu wangepiga makofi yao mawili matatu wakaenda zao kunywa supu ya samaki, lakini Osmo yupo, Osmo wa gazetini, mkongwe wa kuandika habari za mashine, masharubu yake yote yameota barafu, naye ndiye aliyenyoosha mkono juu kama yuko darasani na kusema kwa upole ule unaochoma, "Samahani dada, hicho umekitoa kifuani. Kina joto kuliko mimi hapa nilipo. Sasa umetuonyesha nini?" na watu wakacheka, si kwa ubaya, watu wa Oulu, mji huu wa baridi, hawachekani kwa ubaya hadharani, husubiri wafike nyumbani, na yeye Eerika, badala ya kutafuta neno la kujitetea, akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Haya, basi tukilaze kwenye theluji. Dakika kumi. Halafu ndiyo tukiwashe," na Osmo akatoa saa ya kupimia mbio, saa ya kutia ufunguo, ya zamani, isiyo na betri ya kufa, akaibonyeza, tik, na ndiyo hapo walipo sasa, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, kishikwambi kimelala chali kwenye theluji, kioo cheusi kikitazama mbingu, watu wamekizunguka kama wanaokiaga, na dakika ya kwanza bado haijaisha.

Na kimya, jamani, kimya hiki, mtu akikohoa wote wanajua ni nani, laiti wangekuwa watu wengine wangepiga soga, wangeulizana habari za watoto, lakini hawa wakiona hakuna la kusema hawalisemi, wamesimama tu na vikombe vyao vya karatasi, mvuke unawatoka puani, wanakitazama, na Eerika naye anakitazama, macho makavu kwa baridi, akiwaza, kwa nini nilikitia kwenye koti, kwa nini, jibu la kwanza ni rahisi, kila mtu hufanya hivyo, mtoto wa hapa hajafika darasa la kwanza anajua kwamba simu ukiiacha mfuko wa nje wakati wa baridi inakufa ukiwa katikati ya salamu, kwa hiyo unaitia ndani, karibu na ngozi, hufikirii, mkono unafikiri wenyewe, leo asubuhi alitoka mlangoni na funguo mfuko wa kulia, leso mfuko wa kushoto, Kinnas kwapani, hakuamua, hakukumbuka hata, na kama ni hivyo tu basi ni kichekesho, ni cha kusimulia... "Moja," alisema Osmo... lakini kuna jibu la pili, na hilo ndilo linalomkera, kwamba mkono unajua jambo ambalo mdomo haujui, mdomo unasema hakiogopi baridi, mkono unasema kinaogopa, mdomo ulilipwa kusema, mkono haukulipwa, sasa nani mkweli hapo... kwa sababu kuna Jumanne, Eerika, usijifanye umeisahau Jumanne, mlitia sita kwenye friza usiku kucha na asubuhi vikaamka vitano, kimoja kikagoma, mkakibonyeza, mkakibembeleza, wapi, na Jarkko, fundi wake wa betri, mtu mwenye mikono ya mkunga, akakifungua na kukuta waya mmoja umelegea kwa baridi, uzi mwembamba kama unywele, akaukaza, akaukaza na kwenye vile vingine, na hiki kilicholala pale je? "Nilikikaza," Jarkko alisema leo asubuhi wakipakia gari, halafu kabla hajafunga mlango akasema tena, "Nilikikaza," na tatizo ni hilo, Jarkko akisema jambo mara moja ni kweli, akisema mara mbili ana wasiwasi, na mtazame sasa, hamtazami yeye wala kishikwambi, anatazama viatu vyake utadhani kavinunua jana. Mbele kabisa amesimama yule mama wa kofia nyekundu, mkuu wa wauguzi wanaozunguka majumbani, mnunuzi wa kwanza na kwa kweli wa pekee, ametoka ofisini kwake kuja kuona kama wauguzi wake wataweza kuandika dawa za wazee uani bila kuvua glavu, akisema ndiyo karakana inaishi, akisema hapana watu tisa wanapasha kahawa yao ya mwisho kabla theluji haijayeyuka, ni hivyo tu, hakuna mlango wa pembeni, na yote yamelala pale chini, kwenye kitu cha ukubwa wa sahani, kinachopoa... "Mbili"... kinapoa vizuri sana, hilo hakuna atakayelikataa.

Asimtazame mama yake, aliamua asimtazame, na papo hapo akamtazama, Terttu Pahkala, miaka sabini na minne, kaketi nyuma ya watu kwenye kile kiti chake cha kusukuma kwa mguu, chenye vyuma viwili virefu vya kuteleza, kavaa koti la posta, koti la buluu la kazi aliyostaafu miaka kumi na mmoja iliyopita, vifungo vyote mpaka kidevuni, wala hakualikwa, maana Eerika hakuthubutu kumwalika, alimwambia tu kwenye simu kwamba Alhamisi kutakuwa na jambo kule barafuni, na mama akasema, "Huenda nikapita, nina njia yangu huko," ana njia gani juu ya bahari, bikizee huyu, hakuna duka, hakuna kanisa, kuna samaki tu na wako chini, na bado amekuja, amekuja kimya kimya na chupa yake ya kahawa na mkate wa iliki kwenye mfuko wa plastiki, na sasa ameyaona yote, zipu ya kwanza, zipu ya pili, kicheko, na uso wake hausemi kitu, uso wa mama ulizaliwa bila kusema kitu... miaka thelathini na minne aligawa barua, masanduku mia mbili na kumi na mawili, baiskeli wakati wa joto, miguu na kigari wakati wa theluji, na hakuwahi kulalamika mpaka mwaka ule walipompa kidude, ndivyo alivyokiita, kidude, cha kugusa kwa kidole kila kifurushi kikifika, na kidude hakikuielewa glavu, kilitaka kidole kitupu, basi avue glavu, aguse, avae, avue, aguse, avae, mara mia kwa siku, mpaka kidole chake cha shahada kikafa ncha, mpaka leo ukija ubaridi kinakuwa cheupe kama chaki, hakihisi kitu, anakipasha kwenye kikombe cha kahawa kama kijiko... na kidude nacho kilikuwa kinazimika, kila siku kabla ya saa tano kimezimika, wakamwambia kazini, "Mama Terttu, kitie ndani ya koti, karibu na mwili, kitadumu," na mama akarudi nyumbani jioni ile akiwa mwekundu kwa hasira, akasema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima, "Kifuani kwangu wamelala watoto na paka. Hiki kilale nje!" na kweli kikalala nje, kwenye mfuko wa baiskeli, kilizimika kila siku, na kila siku aliandika kwenye karatasi kwa penseli, maana penseli haijui baridi... hamadi, ndiyo hayo, maneno yale yale, "hakijui baridi," kumbe ni ya mama, Eerika ameyaiba kutoka kwa penseli ya mama na kuyabandika kwenye tangazo... "Tatu," alisema Osmo, na mtu mmoja akamwuliza mwenzake kama kahawa bado ipo, mwenzake akasema ipo, yakaishia hapo.

Watoto na paka, ni kweli, na yeye ndiye mtoto mwenyewe, darasa la pili, kasimama peke yake kwenye kituo cha basi la shule, giza la asubuhi, kope zimegandana, na taa ya baiskeli ya mama inakuja ikiyumba, mama anasimama sekunde chache tu kwa sababu barua zina saa zake, anafungua vifungo, anachomoa glavu za sufu, nyekundu, jozi ya pili, zimepashwa moto na kifua chake tangu alipotoka nyumbani, anamvua binti yake zile za baridi na kumvika hizi, lo, joto lile, lilikuwa linapanda mpaka mabegani, na zile za baridi anazitia yeye kifuani bila kushtuka, anapiga kengele, huyo kaenda zake, hakusema "nakupenda," nani aliwahi kusema neno kama hilo hadharani barabarani, alisema, "Pua yako inavuja"... na paka, yule paka wa kijivu aliyeokotwa chini ya masanduku ya barua, alikuja nyumbani ndani ya koti hili hili la buluu, kichwa tu kikichungulia kati ya vifungo, akaishi miaka kumi na saba... kwa hiyo mkono wa Eerika ulifundishwa na nani, ulifundishwa pale, kituoni, na kama Kinnas kina jina la glavu nene ya nyumbani isiyotenganisha vidole basi si kwa sababu ya wataalamu wa matangazo, wale walitaka jina la Kiingereza lenye kung'aa, ni kwa sababu ya zile nyekundu, lakini mama hajui, hajaambiwa, anaambiwaje mtu kama yule... mara ya kwanza alipomwonyesha, miaka miwili iliyopita, kilikuwa bado hakina mgongo, nyaya zinaning'inia, mama alikuwa anamenya viazi, akajifuta, akavaa glavu yake kubwa ya kazi kwa makusudi kabisa, kwa shari, akakidunga kioo kwa kidole, na kikafunguka, na mama akasema, "Hm," akarudi kwenye viazi, na Eerika ameishi na ile "Hm" miaka miwili, ameilaza, ameiamsha, ameigeuza huku na huku, kuna siku inasema vizuri mwanangu, kuna siku inasema kidude kingine... "Nne," na "Tano" ikaja haraka kuliko ilivyotakiwa, au ni yeye aliyepotea, na theluji nyembamba imeanza kudondoka, inakaa juu ya kioo na haiyeyuki, ishara kwamba joto la kwapa limekwisha, sasa ni wao wawili tu, kifaa na baridi, na Eerika akamaliza wazo lile alilokuwa analikwepa, kwamba hakukiamini, basi, lisemwe, alisimama mbele ya dunia kuuza kitu ambacho mkono wake mwenyewe haukukiamini, na mama ameona, na yule wa kofia nyekundu ameona, na kuwaka au kutowaka si neno tena, aibu ilikwisha kutoka na ile zipu ya pili... "Sita"... na ndipo aliposikia vyuma vikikwaruza barafu.

Mama ameinuka. Anapita katikati ya watu, wanampisha, ana mwendo ule wa mtu mwenye masanduku mia mbili na kumi na mawili ya kufika, na Eerika akawaza anaondoka, ameona yatosha, anakwenda zake kwenye ile njia yake, lakini mama hakuondoka, mama aliingia ndani ya duara, akainama kwa taratibu za magoti ya sabini na nne, akakiokota kishikwambi kutoka kwenye theluji, akakipuliza, akakifuta kwa mkono wa koti, mbele, nyuma, halafu akafungua kifungo cha juu, na cha pili, na cha tatu, akakitumbukiza ndani, akafunga, akapigapiga kidogo juu ya kifua kama anayemtuliza mtu. "Mama!" Eerika alipiga kelele. "Nini?" "Kinapimwa, mama! Kinatakiwa kikae pale!" "Kinapimwa nini," mama alisema, "kinapigwa baridi hicho, humwoni?" hivyo hivyo, humwoni, kama anayesema habari ya mtu, na Osmo anacheka, na mtu mwingine anacheka, na Osmo anasema, "Mama, nawe umetuharibia, zilikuwa zimebaki tatu na nusu," na mama, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kujibizana na mtu wa gazeti, anamgeukia na kumwuliza, "Wewe bwana, simu yako iko wapi?" na Osmo anajigusa kifuani, upande wa kushoto, na hapo kicheko kikapasuka, kicheko cha kweli, mpaka yule wa kofia nyekundu akainama kushika magoti yake, kisha likaja jambo ambalo Eerika atalikumbuka akiwa mzee, sauti ya zipu, zipu arobaini juu ya barafu, zzz, zzz, kila mtu akifungua koti lake na kuichomoa simu yake kutoka kwapani, mgongoni, tumboni, mmoja kwenye soksi, ili wampige picha yule bikizee wa posta aliyeshika kifua, na Jarkko ameacha kutazama viatu, anafuta machozi, yanaganda... lakini Eerika hakuwa pale, alikuwa kwenye lile neno, kilale nje, kidude kililala nje miaka yote ile, mama hakukipa hata inchi moja ya koti lake, na hiki, hiki hakuambiwa, hakubembelezwa, hana hisa, hana faida, ametoka kitini kwake kwa miguu yake... basi ndivyo, mtu hafichi kifuani kitu asichokiamini, asichokiamini hukiacha mfukoni mwa baiskeli kife, kifuani hutia kitu ambacho moyo unamwuma kwa ajili yake, na ule mkono wa asubuhi, mkono wake, mlangoni, na funguo na leso, haukuwa unasema Kinnas ni kibovu, ulikuwa unasema pua yako inavuja, na "Hm" ile ya viazi, miaka miwili, mpumbavu wewe, ulikuwa umeshaambiwa... na joto likampanda mpaka mabegani, pale pale, nyuzi ishirini na sita.

"Tuanze upya, mama, tafadhali," Osmo alisema akitia ufunguo saa yake, "kumi kamili, na usikiguse," na mama akafungua vifungo kwa shingo upande, akakitoa, akakilaza pale pale kwenye alama yake ya mraba, ila chini yake alitelezesha kwanza glavu yake moja, polepole, akidhani hakuna anayemwona, na Osmo akasema, "Hata glavu, mama," na mama akaichomoa akinung'unika kitu kuhusu watu wa magazeti, tik, saa ikaanza, kicheko kikatulia, kimya kikarudi kile kile, mvuke, vikombe, wa kofia nyekundu kanyooka na mikono nyuma, Jarkko karudi kwenye viatu, kioo cheusi chali, na waya ule umekazwa au haukukazwa, hakuna ajuaye, hakuna lililobadilika hata kidogo, ila mama hakurudi kitini kwake, alikuja kusimama kando ya Eerika, bega kwa bega, akitazama mbele, kidole chake cheupe akakipenyeza ndani ya glavu ya binti yake, kwenye joto, bila kuomba ruhusa, na Eerika akakibana. "Kikigoma kuwaka," mama alisema bila kumtazama, "usikitupe. Nipe mimi, nitakaa nacho." "Haya," Eerika alisema, na akajikuta anawaza ule mkate wa iliki kwenye mfuko wa plastiki, kama umeganda au bado, na jinsi atakavyouomba, na dakika ya kwanza bado ilikuwa haijaisha.